Majibu ya damu kwa mgonjwa wa soriasisi: yanasema nini, yananyamaza wapi

Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote Uganda, iwe Arua au Mbarara, usikilize watu wanavyoongea wakisubiri zamu. Utasikia namba. CD4 imepanda. Virusi havionekani tena kwenye kipimo. Sukari ilikuwa kumi na mbili, leo saba. Miaka mingi ya kuishi na Ukimwi katikati yetu imetuzoesha kwamba ugonjwa una namba yake ndani ya damu, na dawa ikifanya kazi namba hiyo inasogea. Kwa hiyo mtu akianza kutibiwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, akaambiwa kwamba mabaka yake si fangasi bali yanatokana na kinga ya mwili, swali lake linalofuata ni la haki kabisa: ya kwangu ni ngapi?

Jibu linaudhi. Namba hiyo haipo. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba una soriasisi, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusema peke yake kwamba dawa imekukubali. Wakati huohuo daktari atakutoa damu, tena mara nyingi, na karatasi utakayorudishiwa itajaa tarakimu. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu tarakimu hizo zinajibu maswali ambayo hayafanani. Nyingine zinauliza mwili unawaka kiasi gani, yaani kinga imechachamaa kwa kiwango gani. Nyingine zinauliza kama dawa inakuumiza. Nyingine zinatafuta maradhi yaliyolala ndani yako, yanayoweza kuamka kinga ikipunguzwa makali. Ukisoma jibu la swali moja ukidhani ni la jingine, utaogopa bure au utatulia bure.

Kwa nini VVU vina namba na soriasisi haina? VVU ni kitu kilichoingia mwilini kutoka nje, na maabara inaweza kuhesabu nakala zake katika mililita moja ya damu. Soriasisi haina mdudu wa kuhesabiwa. Ni kinga yenyewe inayotoa amri zisizohitajika. Chembe za ulinzi zilizomo ndani ya ngozi hutoa kemikali iitwayo IL-23. Hiyo huzichochea chembe T, aina ya chembe nyeupe za kinga, kutoa IL-17, IL-22 na TNF, nazo huziamuru chembe za ngozi zizaliane mbio. Ngozi ya kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kujibadilisha. Kwenye baka la soriasisi kazi hiyohiyo hufanyika kwa siku tatu hadi tano. Chembe hazipati muda wa kukomaa, zinarundikana, na asubuhi unakung'uta magamba kwenye shuka. Chembe za ngozi zikishachokozwa nazo hutoa kemikali za kuita chembe nyeupe zaidi, na mzunguko unaendelea kujilisha wenyewe. Kemikali hizo ambazo chembe za kinga hutumiana kama amri huitwa sitokini, na nyingi za dawa mpya za soriasisi zimetengenezwa kuzuia mojawapo kati yake.

Sasa angalia vurugu hiyo inatokea wapi. Iko kwenye ngozi: viwiko, magoti, kichwani, mgongoni. Sindano ya maabara inaingia kwenye mshipa wa mkono. Kinachofika pale ni mabaki tu, kile kilichofurika kutoka kwenye ngozi kikaingia kwenye mzunguko wa damu. IL-17, ambayo ndiyo kiini cha ugonjwa huu, hupimwa kwenye damu kwa pikogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa vipande trilioni. Kwa wagonjwa wengi kiwango chake kinakaribia kikomo cha chini ambacho mashine inaweza kuona. Mtu anaweza kuwa na mabaka mazito miguu yote miwili, na damu yake ikaonekana tulivu.

Niseme jambo hapa kabla sijaendelea, maana najua wauzaji wa chupa kwenye vituo vya mabasi wanasema vingine. Soriasisi haitokani na damu chafu. Hakuna kipimo kinachopima uchafu wa aina hiyo, na dawa ya "kusafisha damu" haina cha kusafisha. Haiambukizi pia: huwezi kuipata kwa kushika mkono, kulala kitanda kimoja au kutumia taulo moja na mgonjwa.

Vipimo viwili vya mwako wa mwili vinavyopatikana kirahisi ni CRP na ESR. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, hasa ini linapopokea sitokini iitwayo IL-6. William Tillett na Thomas Francis waliigundua New York mwaka 1930, katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na asili hiyo inaeleza tabia yake mpaka leo: ni protini ya dharura. Huanza kupanda ndani ya saa chache tangu mwili uchokozwe, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikizimika hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Maabara nyingi huhesabu chini ya 5 kwa lita kuwa kawaida, kipimo kikiwa miligramu; nyingine huweka mpaka kwenye 10. Nimonia ya bakteria inaweza kuisukuma kupita 100 bila shida.

Soriasisi ya ngozi peke yake haifiki huko kwa kawaida. Wagonjwa wengi wana CRP ya kawaida au iliyopanda kidogo. Kwa hiyo CRP ni kama kelele za soko la Owino zinazosikika barabarani: unajua ndani kumechangamka, lakini hujui nani anagombana na nani, wala kama ni ugomvi au ni mnada tu wa mitumba. Nimonia, jipu la jino, malaria, kidonda kwenye mguu, hata unene wa tumbo, vyote vinaweza kuipandisha. Mafuta ya mwilini hutoa IL-6 yenyewe, na wagonjwa wengi wa soriasisi wana uzito mkubwa, kwa hiyo sehemu ya namba hiyo inaweza kuwa ya kiuno wala si ya ngozi.

Tuseme ni mama wa miaka 42 anayeuza nguo sokoni Arua, yuko mwezi wa nne wa matibabu. Karatasi ya kwanza kabisa, kabla ya dawa, iliandika CRP 9. Ya leo imeandika 64. Mama anaitazama na kukata tamaa: dawa imeshindwa. Musawo, yaani daktari wake, haanzi na karatasi. Anamwomba akunje mikono ya gauni. Viwiko vimekuwa laini, magamba yamepungua, kingo za mabaka zimefifia. Ndipo anauliza: "Mama, wiki iliyopita ulikuwa na homa?" Alikuwa nayo. Alipimwa malaria, ikaonekana, na alimaliza Coartem juzi. Ile 64 kwa uwezekano mkubwa ni ya malaria. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki mbili, na hapo ndipo kinaweza kulinganishwa na kile cha mwanzo.

Katika nchi ambayo malaria haina likizo, mfano huo ni wa kawaida kuliko ule wa vitabuni. Lakini usije ukaugeuza ukawa kisingizio. Mtu anayetumia dawa ya kupunguza kinga akipata homa, homa hiyo inatafutiwa sababu siku hiyohiyo. CRP kubwa kwa mtu kama huyo inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa maambukizi makali yanayohitaji dawa ile isimamishwe kwa muda.

ESR ni kipimo cha zamani zaidi na hakihitaji mashine kubwa. Damu iliyozuiwa kuganda huwekwa kwenye mrija mwembamba uliosimamishwa wima, na baada ya saa moja mtu wa maabara anasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mwili unapowaka, protini fulani kwenye damu huongezeka na kuzifanya chembe nyekundu zishikamane na kushuka haraka. Tatizo ni kwamba upungufu wa damu huiharakisha pia, na mimba, na umri. Ugonjwa wa selimundu huichelewesha. Tena ESR hushuka polepole, inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa baada ya mwako kwisha. Kwa soriasisi ya ngozi siipi uzito mkubwa.

Mambo yanabadilika viungo vikiingia. Baadhi ya wagonjwa wa soriasisi hupata ugonjwa wa maungio unaoambatana nayo: vidole vinavimba kizima, visigino vinauma, na asubuhi mwili unakakamaa zaidi ya nusu saa kabla ya kulegea. Hapo CRP inakuwa na kazi ya kweli, hata kwenye mizani ambayo madaktari wa maungio huitumia kufuatilia matibabu. Lakini hata hapo, karibu nusu ya wenye ugonjwa huo wana CRP na ESR za kawaida. Kwa hiyo karatasi safi haiwezi kumwambia mtu mwenye kidole kilichovimba kwamba anajisingizia.

Kuna namba nyingine ambayo watafiti wa nchi nyingi wameipenda kwa sababu ni ya bei nafuu: inatolewa kwenye CBC, ile hesabu ya chembe za damu ambayo karibu kila maabara inaifanya. Unachukua nyutrofili, chembe nyeupe za kukimbilia maambukizi, unazigawanya kwa limfosaiti, chembe za kinga yenye kumbukumbu. Uwiano ukiwa mkubwa, mwili unadhaniwa kuwaka zaidi. Wengine huweka chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwenye hesabu hiyo na kuunda kanuni ndefu zaidi. Katika makundi ya wagonjwa wa soriasisi uwiano huo huwa juu kidogo kuliko kwa watu wazima wenye afya, na hushuka matibabu yakifanya kazi, hasa dawa za kuzuia TNF na IL-17.

Hapa Mganda anapaswa kusimama na kuuliza: makundi hayo yalikuwa ya watu gani? Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara chembe zao nyekundu hazina protini iitwayo Duffy juu yake. Kukosa protini hiyo kunawakinga na malaria ya aina ya vivax, na kunaambatana na jambo jingine: nyutrofili zinazoonekana kwenye damu huwa chache kuliko za Mzungu, bila ugonjwa wowote na bila hatari ya ziada ya maambukizi. Sasa fanya hesabu. Mtu wa kwanza ana nyutrofili 4.8 na limfosaiti 2.0 (kwa maelfu katika kila mikrolita ya damu), uwiano wake ni 2.4. Mtu wa pili, mkulima wa Soroti mwenye afya njema, ana nyutrofili 1.6 na limfosaiti 2.3, uwiano 0.7. Soriasisi ikimpanda huyu wa pili na uwiano wake ukafika 1.4, umekuwa maradufu. Lakini ukiutazama kwa mpaka uliowekwa kwa wagonjwa wa Ulaya au Asia, utasema hana chochote.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mkulima huyuhuyu anaanzishiwa dawa inayoweza kudhoofisha uboho wa mifupa, hakupimwa kabla, na baada ya mwezi karatasi inaonyesha nyutrofili 1.5 zikiwa na alama nyekundu pembeni kwa sababu mashine imepangwa kwa viwango vya kwingine. Daktari anaogopa, anasimamisha dawa iliyokuwa inamsaidia. Zilikuwa 1.6 tangu mwanzo. Ndiyo maana kipimo cha kabla ya dawa, kile ambacho watu wengi hukiona kama kupoteza hela, ndicho ninachokiona kuwa cha thamani kuliko vyote kwenye faili. Bila hicho huna cha kulinganisha nacho isipokuwa mtu mwingine wa bara lingine.

Kwenye CBC hiyohiyo utaona pia esinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe. Zikipanda, kwa mvuvi wa Ziwa Albert fikiria kwanza kichocho na minyoo, si soriasisi.

Turudi kwenye sitokini, kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye habari za utafiti. Utasoma kwamba IL-6, TNF au IL-22 hushuka kwa wagonjwa waliotibiwa. Mara nyingi ni kweli, ila ni kweli ya wastani. Watafiti wakichukua damu ya kundi zima kabla na baada, wakajumlisha na kugawanya, mstari unashuka. Ukifungua kundi hilo mtu mmojammoja, utakuta ambaye namba yake imeshuka na ngozi imebaki vilevile, na mwingine ambaye ngozi imesafika na namba haikutikisika. Kipimo kinaweza kuwaeleza watafiti jinsi ugonjwa unavyofanya kazi na kisiweze kumwambia mgonjwa mmoja kama aendelee na dawa. Ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza haifanyi ya pili.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila ninapolieleza. Secukinumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ni kingamwili iliyotengenezwa ili kuikamata IL-17A. Mgonjwa anachomwa sindano, ngozi inasafika. Ukipima jumla ya IL-17A kwenye damu yake baada ya hapo, unaikuta imepanda! Haikuongezeka kwa kuwa ugonjwa umekuwa mkali. Imekamatwa na dawa, haiwezi kufanya kazi, na ikiwa imeshikwa hivyo mwili unachelewa kuiondoa, kwa hiyo inazunguka kwenye damu siku nyingi zaidi. Mashine inaihesabu iliyofungwa na iliyo huru pamoja. Mtu asiyejua hilo angesema dawa imeharibu mambo.

Kinachofuatana vizuri zaidi na hali ya ngozi ni protini nyingine, beta-defensini 2, ambayo chembe za ngozi huitengeneza zinapochochewa na IL-17. Ikizuiwa IL-17, protini hii hushuka haraka kwenye damu, hata kabla macho hayajaona mabadiliko makubwa. Ni mojawapo ya alama zinazotia matumaini, ila bado ni ya maabara za utafiti. Mtu akikuuzia kipimo hicho au paneli ya sitokini kwenye kliniki ya mtaani, muulize matokeo yake yatabadilisha nini kwenye matibabu yako. Akikosa jibu, hela hiyo inunulie mafuta ya kupaka.

Na kuna kitu ambacho damu haiwezi kukiona kabisa. Baka likishapona, baadhi ya chembe T zinabaki pale pale kwenye ngozi, zimekaa miezi na miaka, zikikumbuka. Haziingii kwenye mzunguko. Ndizo zinazosemwa kuwa sababu ya soriasisi kurudi mahali palepale, kiwiko kilekile, mara dawa inapoachwa. Mgonjwa mwenye ngozi safi na damu safi bado anazo. Kwa hiyo "damu imekuwa nzuri, niache dawa?" ni swali ambalo damu haina uwezo wa kulijibu.

Basi kama ni hivyo, daktari anakutoa damu ya nini kila mara? Sehemu kubwa ni kwa ajili ya dawa yenyewe, na hapa vipimo si vya kujadiliana. Kwa wagonjwa wengi Uganda wenye soriasisi iliyosambaa, dawa ya kumeza wanayoweza kuimudu ni methotreksati. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, na inamezwa mara moja kwa wiki. Narudia: siku moja ya wiki, ileile. Watu wamekufa duniani kwa kuimeza kila siku kama vidonge vingine. Inaweza kuumiza ini na kudhoofisha uboho, na hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo vipimo vinavyohitajika ni CBC, vimeng'enya vya ini kama ALT, na kreatinini ya figo: kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara mwanzoni, baadaye kila miezi miwili au mitatu mambo yakitulia. Vidonda vya mdomoni vikijitokeza ghafla usisubiri tarehe ya kipimo, nenda. Na mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kuipata hapewi dawa hii.

Onyo ambalo hapa kwetu lina uzito wa pekee ni Septrin. Ni dawa ambayo watu wengi wanaoishi na VVU wamemeza kila siku kwa miaka, na nyumba nyingi zinayo kwenye kabati. Septrin na methotreksati zote zinavuruga matumizi ya foleti mwilini, vitamini inayohitajika kutengeneza chembe za damu, tena Septrin huzuia figo zisiitoe methotreksati. Zikikutana, uboho unaweza kuacha kutengeneza chembe za damu za aina zote. Mwuzaji wa duka la dawa anayekupa Septrin kwa kikohozi hajui unameza nini Jumapili usiku. Mwambie wewe.

Vipimo vya maradhi yaliyolala vina hadithi yake. TNF, ileile inayochangia mabaka, ndiyo inayosaidia kinga kuwafungia vijidudu vya kifua kikuu ndani ya ukuta wa chembe na kuwaweka pale wakiwa hai lakini kimya. Ukiizuia TNF kwa infliximab au adalimumab, ukuta unaweza kuachia. Onyo hilo lilitolewa kwa sauti kubwa mwaka 2001, baada ya wagonjwa waliokuwa wakipewa infliximab kupata TB. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo huku si jambo la kuruka. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika ni cha damu, na ni alama ya kinga kwa maana halisi: chembe za damu yako zinakutanishwa na protini za kijidudu cha TB, kisha maabara inapima kama zinatoa sitokini iitwayo interferoni gama. Zikitoa, maana yake kinga yako imewahi kukutana naye. Haisemi kama amelala au ameamka. Hilo linatafutwa kwa picha ya kifua na dalili. Ubora wake ni kwamba chanjo ya BCG ya utotoni haikichanganyi kama inavyoweza kukichanganya kipimo cha kuchoma ngozini. Ukikutwa na TB iliyolala, unapewa dawa ya kuizuia kwanza. Dawa za kuzuia IL-17 na IL-23 hazina hatari hiyo kwa kiwango kile, ila bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Homa ya ini B hupimwa kwa sababu inayofanana. Chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga Uganda mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na virusi vinaweza kukaa miaka bila dalili mpaka kinga ilegezwe.

VVU hupimwa pia, na hapa kuna fumbo linalowasumbua hata wanafunzi wa udaktari. Kama soriasisi ni kinga iliyozidi, kwa nini mtu mwenye VVU, ambaye CD4 zake zimeshuka, hupata soriasisi kali kuliko wengine, wakati mwingine ikiwa ndiyo dalili ya kwanza? Kwa sababu kinga si maji kwenye jerikani, yanayopungua au kujaa. VVU huua aina moja ya chembe na kuvuruga uwiano wa zilizobaki. Chembe za CD8, aina nyingine ya chembe T, ambazo nazo zimo kwenye mabaka ya soriasisi, zinabaki, na zile za kutuliza zinapungua. Mgonjwa akianza ARV na zikafanya kazi, mara nyingi ngozi nayo hupata nafuu. Kwa sababu hiyohiyo vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa mitandaoni havina mantiki kwa mgonjwa wa soriasisi: unaongeza nini, na kwa chembe zipi?

Maendeleo ya soriasisi bado yanapimwa kwa macho na vidole. Mizani inayotumika zaidi, PASI, inaanzia 0 mpaka 72, na inakusanya wekundu, unene, magamba na ukubwa wa eneo. Mtu aliyeanza na 20 akafika 2 amepona kwa asilimia 90. Udhaifu wake kwetu ni ule wekundu: kwenye ngozi nyeusi baka la soriasisi huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyoiva, na jicho lililofundishwa kwa picha za ngozi nyeupe hulipa alama ndogo kuliko linavyostahili. Kisha baka likipona huacha doa jeusi au jeupe linalokaa miezi, na mgonjwa anadhani bado anaumwa. Pitisha kidole. Pakiwa laini na hakuna magamba, ile ni rangi iliyobaki. Ugonjwa umetulia pale.

Ukipelekwa maabara, jaribu kutumia maabara ileile kila mara, kwa sababu mashine hazifanani na mipaka yake haifanani. Weka karatasi zote, hata ya kwanza iliyochakaa. Nyuma ya kila moja andika kama ulikuwa na homa, mafua, kidonda au mimba wiki hiyo, na dawa nyingine ulizomeza. Na kama unatumia methotreksati, toa damu siku moja au mbili kabla ya dozi inayofuata: ukienda kesho yake baada ya kumeza, ALT inaweza kuwa juu kwa sababu ya dozi ya jana tu, na utasimamishiwa dawa ambayo ini lako lilikuwa linaivumilia vizuri.